Jibu Ambalo Bibi Hakulitoa

Malambo, Bariadi
Jumamosi, 23 Novemba

Kwako Dada Gloria,

Kabla hata ya salamu nitangulize jambo moja, maana nimeshachana karatasi mbili nikianza na salamu, na kila nikifika kwenye "sisi huku wazima" mkono unakataa kuendelea. Jambo lenyewe ni hili: Bibi hajaulizwa. Ukoo mzima unaamini kwamba Bibi aliulizwa kuhusu Krismasi, akakubali tusiende Kalemela mwaka huu, akatuombea na safari njema. Hajaulizwa. Mtu pekee anayejua hivyo ni mimi, na sasa wewe.

Haya, sasa salamu. Shikamoo dada. Najua hupendi nikikuamkia, unasema nakuzeesha, lakini barua ni barua. Kifua chako kimepona? Kile kikohozi ulichoondoka nacho mwezi wa saba bado kinamsumbua Mama kuliko kinavyokusumbua wewe, kila akitoka zamu zahanati anauliza kama kuna aliyesikia habari zako. Baba mzima, msimu wa mbegu za pamba umeanza na pikipiki yake haikai, leo Nyakabindi, kesho Sima, anarudi na vumbi mpaka kwenye nyusi. Mdogo wetu Luhaga ameng'oka meno mawili ya mbele na anaringa nayo kama kapewa zawadi. Mimi nimemaliza mtihani wa kidato cha pili. Kiingereza nadhani nimefanya vizuri, Hisabati tumwachie Mungu. Tangu hapo niko nyumbani tu, mimi na simu.

Barua hii ataileta mama yake Sayi akija kumwona mwanawe, si kesho, ni Jumapili ijayo. Kama matroni ameifungua kwanza, basi shikamoo matroni, tafadhali mpe dada yangu, haina habari za wavulana.

Huko kwenu simu hamruhusiwi, kwa hiyo acha nikusimulie tangu mwanzo. Mwezi wa tisa Nancy, huyu wetu wa Dar, binti wa Baba Mdogo Dastan, alifungua grupu la WhatsApp akaliita Krismasi ya Akina Bundala. Siku ya kwanza tu akatupia picha ishirini na tatu za nyumba ya kupanga huko Kigamboni, ufukweni kabisa. Mapazia meupe, bwawa la kuogelea lenye taa chini ya maji, na kitanda chenye mito saba, Luhaga akauliza hao wageni wana vichwa vingapi. Nancy akaandika kwamba kila mwaka ni Kalemela, Kalemela, Kalemela, hivi hatuwezi hata mara moja kukutana mahali pengine kama familia za watu? Akaweka na kura: Kalemela kama kawaida, au Baharini.

Sikufichi, nilibonyeza Baharini. Nilibonyeza haraka kama mtu anayemeza dawa. Shangazi Felisita wa Mwanza, Baharini. Baba Mdogo na mkewe, Baharini. Mama alichungulia kwanza simu ya Baba, halafu naye Baharini. Baba peke yake ndiye aliyebonyeza Kalemela. Ile kura yake ilikaa pale siku nzima, moja, na kapicha kake ka kofia pembeni. Kufika jioni nikaiona imehama. Mezani alikula tu. Wewe ulihesabiwa bila kuulizwa. Shangazi aliandika kwamba Gloria hana neno, likaisha.

Tangu hapo Baba akawa mtu mwingine. Unajua alivyokuwa akipanga safari: anakwenda stendi, anaongea na yule kondakta wake, anarudi na siku na saa, mjadala umefungwa. Sasa kila akitoka kazini ananiita sebuleni nimsomee maoni ya wageni waliowahi kulala kwenye ile nyumba, maana mengi ni ya Kiingereza, na yeye anasema Kiingereza cha watalii kinamkimbia. Kuna mmoja aliipa nyumba nyota mbili kwa sababu ya jogoo wa jirani. Baba alicheka mpaka akavua miwani. Akasema huyo bwana alitaka jogoo ampigie simu kwanza amwulize kama yuko tayari kuamka? Basi kuanzia siku hiyo kila kitu hapa nyumbani kikawa cha nyota. Mama akapika ugali na sato, Baba akatoa nyota nne, akaeleza kwamba huduma ilichelewa. Mama akamwambia hiyo ya tano ataiona vizuri zaidi akilala nje.

Nilifurahi, dada, siwezi kusema uongo na hapa. Wewe ndiye msemaji wa nyumba hii. Mimi wageni wakija najifanya nina kazi jikoni. Lakini nikiandika kwenye simu mtu haoni mdomo wangu ukikwama. Nikawa ndiye natafuta, natafsiri, napeleka majibu kwenye grupu. Baba Mdogo, ambaye maisha yangu yote alikuwa ananiita "yule mdogo wake Gloria", akaandika jina langu kamili.

Ila raha yenyewe ilikuwa haitulii. Tukishakubaliana nyumba hii, Shangazi anaamka na nyumba nyingine yenye jiko kubwa. Tukiikubali hiyo, Nancy analeta ya tatu, ina ngazi za kushuka mpaka majini. Tarehe zilibadilika mara nne. Baba akataka basi mpaka Dodoma halafu treni ya umeme, akawa anaangalia video za treni hiyo kila asubuhi akipiga mswaki. Kalemela hatukuwahi kuchagua chochote, hata godoro. Sasa tulikuwa na nyumba zaidi ya mia za kuchagua, na kila simu ikitikisika mtu anaruka. Mama alisema tumechoka kabla ya kusafiri.

Siku moja Baba alinirudishia simu nimtafutie Kalemela kwenye ramani, ile inayopigwa kutoka juu. Tukafuata barabara ya Musoma, tukaacha lami, tukaupata mji wa Bibi. Bati lake lilionekana wazi, na ule uzio wa minyaa, na ziwa pembeni kama kitambaa kimetandikwa. Baba akauliza hapa watu wamesema nini. Nikabonyeza. Hapakuwa na kitu, hapakuwa hata na jina. Akasema eti Minza mama yangu hana nyota hata moja. Alisema kwa utani, lakini alikaa na lile bati kwenye kiganja mpaka kioo kikazima chenyewe.

Ndipo ikaja ile siku ya kujiuliza nani atamwambia Bibi.

Unakumbuka ilivyo, lakini niiandike, maana nimegundua kila mtu anakumbuka kivyake. Krismasi ya Kalemela haipangwi na sisi. Bibi akishapanda pamba yake na mvua zikishakaa, humtuma mtu aje Bariadi na mfuko wa michembe, vile viazi vitamu vyake vya kukausha, na mtu huyo huuliza jambo moja tu: mwaka huu mnakuja vinywa vingapi? Baba hutaja idadi, huweka sukari na chumvi kwenye mfuko uleule, mtu anarudi nao, na Bibi anajua apeleke mpunga kiasi gani mashineni. Tarehe inatoka kwake, idadi inatoka kwetu. Hakuna aliyewahi kumpigia Bibi simu kumwambia tunakuja lini, ingekuwa kama kumpangia mtu nyumba yake.

Sasa kumwambia hatuji, nani aanze? Shangazi alimtupia Baba, akasema Athanasi ndiye mkubwa, amwambie. Baba akasema Dastan ndiye kipenzi chake. Baba Mdogo akaandika kwamba mtandao kwake unasumbua, na wakati huohuo anatuma video ya paka. Mwishowe Shangazi akasema jambo hili lipelekwe na mjukuu. Mjukuu ni mtani, akasema, Bibi hawezi kumkasirikia mke mwenza wake. Akikataa atakataa kwa mzaha, akikubali atakubali kwa mzaha, na hakuna atakayevunjiwa heshima. Wote wakaweka alama ya dole. Na kwa kuwa wewe haupo, mjukuu nikawa mimi.

Ungekuwa wewe ungemaliza kwa dakika tano. Wewe ulilelewa na Bibi mpaka darasa la nne, Kisukuma chako kinatoka kama maji. Changu unakijua. Nasikia yote, lakini nikifungua mdomo yanatoka maneno ya shule. Bibi huniita mzungu wake aliyeungua jua. Husema mke mwenza asiyesema mume atamsahau jina. Watu wakicheka na mimi nacheka, halafu nakwenda kukaa nyuma ya ghala la mpunga.

Niliandika maneno yote kwenye daftari, Kisukuma kwa kalamu ya bluu, Kiswahili kwa nyeusi. Nikachukua ile simu ya zamani ya Baba yenye laini mpya. Ikaita. Bibi akapokea, akasema halo. Nikasikia kuku, na mtu anatwanga kwa mbali. Akasema halo tena, akauliza ni nani mwenzangu. Hakukata. Alingoja, dada. Na mimi nilikuwa nimeshika daftari, salamu ya asubuhi, "Mwangaluka", imeandikwa pale juu kabisa, neno moja tu, na sikuweza. Nikakata. Kesho yake nikajaribu tena, ikawa vilevile. Mara ya tatu nilikata kabla hajapokea.

Kwenye grupu walikuwa wanauliza. Milembe vipi? Milembe umempata Bibi? Nancy akaandika kwamba ile nyumba inaangaliwa na watu wengine kumi na moja muda huohuo, imeandikwa hapo kwa rangi nyekundu. Mimi hiyo rangi nyekundu ilinitia wazimu. Nikaketi kitandani nikaandika: "Nimeongea na Bibi. Amesema nendeni mkaione hiyo bahari mnayoiwaza, yeye atabaki na mume wake redio, na mkirudi weusi zaidi asilaumiwe."

Sijui ilitoka wapi. Ilikuwa Bibi kabisa. Watu walicheka, zile sura za kucheka mpaka machozi zikamwagika. Baba Mdogo akasema anamsikia Mama yake hapohapo alipo. Shangazi akaweka mioyo. Baba alitoka chumbani na simu mkononi, akanisomea maneno yangu mwenyewe kwa sauti, akaniambia kazi nzuri mama. Hajawahi kuniambia hivyo kwa kitu nilichosema kwa mdomo.

Labda utajiuliza ilikuwaje Baba asijue, wakati humpigia Bibi. Humpigia, ndiyo, dakika mbili baada ya misa. Anauliza mguu, Bibi anauliza mvua ya Bariadi. Mimi nilikuwa nasikiliza kwa tumbo zima. Baba hakugusa habari ya Krismasi kwa sababu anaamini Bibi alishakubali na hataki kukwaruza kidonda. Bibi hakuigusa kwa sababu siku ya kuigusa haijafika, mtu wake wa michembe bado hajatumwa. Kila mmoja anamheshimu mwenzake, na heshima yenyewe ndiyo ilikuwa inanificha.

Sasa mtu wake amekuja. Ni Mboje, yule jirani anayemchungia mbuzi. Alifika Alhamisi saa nne asubuhi, kaja Bariadi kwa mambo ya mnada. Mama alikuwa zahanati, Baba shambani kwa watu, Luhaga shuleni. Nilikuwa peke yangu. Nilimpa maji, akanywa amesimama, akaniwekea mfuko mlangoni na kuanza ujumbe wake kama anavyoujua, pole pole, kidole kwa kidole. Bibi anasalimia. Bibi ameshapanda. Chumba cha wasichana kilikuwa kinavuja, ameziba. Beberu mwekundu ameombwa na watu watatu, amekataa kumtoa. Amemwomba padre jina la Babu lisomwe misa ya Krismasi, kwa kuwa watoto wote watakuwepo. Na anauliza, mwaka huu mnakuja vinywa vingapi?

Halafu Mboje akatabasamu, akasema kuna lingine, la mimi peke yangu. Kwamba mwezi wa tisa Bibi alipigiwa simu mara mbili na mtu asiyesema, na Mboje alitaka kumwangalizia namba, Bibi akamkataza. Alisema ile pumzi anaijua, ni ya mke mwenza wake mdogo wa Bariadi. Kwa hiyo nimeambiwa nipige tena, yeye ndiye ataongea, mimi nipumue tu.

Sikumjibu Mboje. Aliona labda ni aibu yangu ya siku zote. Akasema hana haraka, ana shughuli zake mjini mpaka Jumapili, yaani kesho, na asubuhi yake atapita kuchukua jibu na mfuko. Alipotoka niliuburuta ule mfuko mpaka chini ya kitanda chako. Uko pale mpaka sasa. Chumba kizima kinanukia michembe, na Mama jana alisimama mlangoni akanusa, akasema sijui kwa nini leo amemkumbuka mama mkwe. Nilijifanya nakunja nguo.

Siku hizi mbili sijakaa. Nafagia palipofagiliwa. Simu ikitikisika nashtuka, isipotikisika naishika nione kama imezima. Nimesimama getini mara nyingi mpaka muuza mkaa ameniuliza nangoja nani. Nimemwandikia Nancy ujumbe mrefu kwa Kiingereza, maana kwa Kiingereza makosa yangu yanaonekana kama ya mtu mwingine, halafu nikaufuta. Nimeuandika tena kwa Kiswahili. Huo niliufuta nusu.

Nadhani mpaka hapa unasema Milembe ulikosea, lakini uliogopa tu, ni mtoto. Na mimi ningependa uishie hapo. Lakini bado sijasema, dada, nimekuwa nazunguka.

Wiki tatu zilizopita Shangazi Felisita alipiga simu, sauti imejaa furaha. Alikuwa ameangalia tena ile nyumba, akaona chumba cha chini hakina ngazi, mlango wake unafunguka moja kwa moja kwenye mchanga. Akasema, kwa nini tusimchukue Mama? Hajawahi kuona bahari, atafika asubuhi akae kwenye kiti, miguu iguswe na maji. Krismasi itakuwa palepale alipo yeye. Ungemwona Baba. Aliacha sahani, akasimama, akaanza kupanga papo hapo nani atamfuata Kalemela, atakaa dirisha gani kwenye treni, kama atakubali kuvaa viatu. Mama akasema atamshonea gauni. Luhaga akauliza Bibi anajua kuogelea. Kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa tisa nilimwona Baba akiitaka ile safari kwa moyo, si kwa kidole. Akanigeukia mimi, akasema mpigie mke mwenza wako, umwambie tunamfuata.

Nikaingia chumbani na simu. Sikujaribu hata kupiga. Nilikaa tu muda ambao mtu angeongea na bibi yake. Nilijua Bibi akija, jambo la kwanza ataulizwa kuhusu ile redio, na atasema redio gani? Nikaandika kwenye grupu: "Bibi anashukuru sana. Anasema mgongo haumruhusu, na treni isiyotoa moshi haiamini, mpaka aone inakula nini. Mpelekeeni bahari salamu."

Wakacheka tena. Shangazi akaandika haya basi, Mama ni Mama. Baba alisoma mara mbili. Alicheka kidogo, halafu akatoka nje akasimama karibu na simtanki, akabaki pale ameegemea kama anasikiliza maji ndani. Aliporudi ugali ulikuwa umepoa, na hakutoa nyota.

Hilo ndilo, dada. La kwanza nilisema kwa kuogopa. La pili nilisema nikiwa najua kabisa. Bibi alipewa bahari na watoto wake wote, nikamnyang'anya kabla hajaisikia, ili mimi nisionekane mwongo. Na anakaa kule anaziba chumba changu kisivuje.

Saa hizi ni saa kumi na moja kasorobo. Nancy ameandika asubuhi kwamba orodha ya majina inafungwa leo saa kumi na mbili, baada ya hapo nyumba haiongezwi mtu na haibadilishwi. Baba amekwenda ofisini kuchukua namba za vitambulisho, akirudi tunakaa wote wawili tujaze, kwa kuwa mimi ndiye mwenye vidole vyepesi. Majina tisa, na la kwako limo. La kumi halimo.

Nilipoanza kuandika nilikuwa nataka kukuomba uniokoe. Nilifikiri uje na maneno yako mengi, umpigie Bibi umcheleweshe, umwambie Baba hivi, Shangazi vile, wewe ungeweza. Lakini wewe utaisoma hii Jumapili ijayo na Mboje anapita kesho. Nimegeuza geuza, hakuna wa kusema zaidi yangu. Na kwa mdomo sitaweza. Nikianza nitasema "Baba, kuna kitu," halafu atauliza kitu gani, na mimi nitamwambia sukari imeisha. Najijua. Kwa karatasi ninaweza, na karatasi imeshajaa.

Kwa hiyo nimeamua kumwomba Baba mambo mawili. Orodha isipelekwe mpaka Bibi aulizwe kwa kweli, hata kama nyumba itachukuliwa na hao watu kumi na mmoja. Na kesho aniruhusu niondoke na Mboje mpaka Kalemela, nimwambie Bibi mwenyewe yale niliyoyasema kwa jina lake. Nikishindwa kusema, nishindwe mbele yake, anione. Halafu achague mwenyewe, bahari au kwake. Akikataa zote mbili kwa hasira, utani uishe siku hiyo, nitakuwa nimestahili.

Nisalimie Sayi, mwambie mama yake ni mtu mwema kukubali kubeba barua. Wasalimie na wale wenzako wa chumba niliowaona siku ya kuripoti. Mama anasema unywe maji ya moto. Luhaga anasema umletee chaki. Ukinikasirikia, kasirika, ila usiache kuniandikia. Nakupenda, na nikikuandikia tena nitaanza na salamu kama watu wengine.

Ni mimi mdogo wako,
Milembe A. Bundala

Dada, pikipiki imeingia. Leo nimeificha karatasi hii mara tatu, mara mbili Luhaga alipopita na mara moja upepo ulipogonga mlango, nikaitia ndani ya daftari la Biolojia. Sasa ni Baba, anajikung'uta vumbi hapo barazani, ananiita nilete simu. Kama barua hii imekufikia, ujue ameisoma kabla yako, tangu neno la kwanza. Anavua viatu. Anakuja huku, nasikia soksi zake kwenye sakafu. Kalamu naiweka chini, na daftari nimelitia begini. Karatasi iko mezani, maandishi juu. Sijaifunika.